Madam wa "Nimepata"

Madam alinitumia ujumbe uleule mara sita, na mara zote sita sikumjibu. Naanza na hilo kwa sababu nikilianzia mbali nitapata njia ya kulikwepa, na yeye mwenyewe hakupenda mtu anayezungukazunguka neno. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Nipigie ukipata nafasi. Si haraka." Hakuweka salamu wala jina, maana alijua namba yake ninayo.

Chuoni kwetu Kitale madam walikuwa wengi. Kulikuwa na madam wa hesabu, madam wa ushonaji, madam wa upishi aliyetufukuza jikoni na mwiko. Lakini ukisema Madam na kunyamaza hapo, kila mtu alijua unamtaja nani. Alikuwa msimamizi wa mitambo ya kompyuta, na mwalimu wa sisi wachache tuliochukua somo la mitandao. Nilikuwa mwanafunzi wake miaka miwili, kisha msaidizi wake miaka sita, kabla sijapata kazi Bungoma. Miaka minane nilikaa naye chumba kimoja, na mpaka leo siwezi kukuambia alizaliwa wapi wala kama aliwahi kuolewa. Ukimwuliza mambo hayo alikutazama juu ya miwani mpaka ukumbuke kwamba una kazi mahali.

Alilojulikana nalo kwanza ni sauti. Ilikuwa sauti nzito, ya polepole, isiyopanda hata akikasirika. Kabla ya kompyuta alikuwa mwendeshaji wa simu, enzi zile ukitaka kumpigia mtu unainua mkono wa simu, unamwambia mama aliye upande wa pili namba unayoitaka, naye anachomeka waya. Miaka mingi watu wa Trans-Nzoia walimjua bila kumwona. Siku moja mzee mmoja kutoka Cheptais alimleta mjukuu wake kujiandikisha chuoni, akawa amesimama dirishani pa ofisi Madam alipopita akimwagiza mtu waya. Mzee akageuka kama ameitwa jina.

"Wewe," akasema, "si wewe ndio ulikuwa unasema 'Kitale, nikusaidie'?"

Madam akasimama. "Ndio mimi."

"Ulinishikia laini siku ndugu yangu amekufa Nairobi. Ilikuwa inakatika, inakatika. Wewe ulikaa hapo, unaniambia, 'Mzee, bado niko.' Mimi sikusahau hiyo sauti."

Madam alisema, "Nimepata," akamshika mzee mkono, akaenda zake. Wanafunzi walicheka, kwamba huyu mama hata akisifiwa anajibu kama redio ya polisi. Mimi niliyekuwa nyuma yake na mzigo wa waya niliona alivyotoa leso.

Hilo "nimepata" lilikuwa lake kama jina. Ukimwambia jambo lolote, kubwa au dogo, kwanza alisema nimepata, ndipo aliporudi kulifikiria, kulikataa au kukugombeza. Ukimwambia choo kimeziba, nimepata. Ukimwambia baba yako amelazwa, nimepata, kisha, "Nenda, mimi nitakaa na darasa." Kama mdomo ulikuwa umeshika misumari au chai ilikuwa kinywani, alipiga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Alituambia kwamba zamani kwenye simu mtu angeweza kusema dakika tatu nzima bila kujua kama mtu wa upande wa pili bado yupo, na hakuna kitu kinachomchosha binadamu kama hicho. "Si lazima ukubaliane na mtu," alisema. "Lakini sema umepata. Atajua hajasema na ukuta."

Hapo hapo alikuwa na kanuni nyingine. Nimepata haijibiwi. Ukimwambia nimepata naye akujibu nimepata, nawe umjibu tena, "mtakaa hapo mpaka Yesu arudi." Kwa hiyo ulipomjibu alinyamaza, na wageni walidhani amekasirika.

Nifike kwenye foleni, kwa sababu ndizo zilizompa jina mjini.

Intaneti ya chuo ilikuwa inakufa kila Ijumaa. Siku hiyo walimu walirusha video za masomo ya wiki nzima kwenda tawi letu la pili, na wakati huo hakuna aliyeweza kufungua hata ukurasa mmoja. Wanafunzi walikaa maabara wakitazama kile kiduara kinavyozunguka. Mkuu wa chuo alikwisha amua kwamba laini ni ndogo na lazima inunuliwe kubwa. Madam akamwomba wiki moja. Akatutoa darasani, wanafunzi tisa, akasema, "Njooni muone intaneti," akatupeleka kwa miguu mpaka kwenye maghala ya mahindi.

Msimu ulikuwa wa mavuno. Ghala lile lilikuwa na malango mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea. Lango la kutokea lilijaa malori yenye magunia ya kwenda Nairobi, yamebanana, madereva wamelala chini ya magurudumu. Nyuma yao kabisa alikuwa mtu wa baiskeli ameshika karatasi. Lango la kuingilia lilikuwa wazi na tupu.

"Yule wa baiskeli amebeba nini?" Madam akauliza.

"Risiti," mmoja akasema.

"Ya kwenda wapi?"

Tukamwendea yule mtu na kumwuliza. Alikuwa anarudisha shambani karatasi ya kuonyesha kwamba lori la asubuhi limepokelewa. Bosi wake hatoi lori la pili kabla hajaiona.

"Basi mumeona," Madam akasema. "Lango la kuingia liko tupu. Barabara haina shida. Mahindi iko shambani, lori iko shambani, dereva iko. Hakuna kitu inaingia kwa sababu karatasi moja ya kusema nimepata imekwama nyuma ya magunia. Sasa mkuu wenu anataka tupanue barabara." Akamwendea askari wa lango, akasema naye kwa ile sauti, na askari akamwashiria wa baiskeli apite pembeni. Hakuna lori hata moja lililochelewa kwa sababu yake. Alipita kama maji.

Tuliporudi alituonyesha kitu hicho hicho kwenye kioo. Kila kompyuta inayopakua kitu hurudisha pakiti, yaani kifurushi kidogo sana cha data, kusema nimepata, na anayetuma hasongi mbele mpaka aisikie. Ijumaa pakiti zetu hizo zilikuwa zinapanga mstari nyuma ya video za walimu. Chuo kilikuwa na faiwoli, yaani ile mashine inayokaa mlangoni pa mtandao na kuamua nini kipite na nini kisipite. Yetu ilikuwa kompyuta kuukuu aliyoiokoa isitupwe, akaiweka kwenye kijichumba cha mafagio. Ndani yake akatengeneza foleni tatu. Ya mwisho ilikuwa ya mizigo mikubwa inayotoka. Ya kati ilikuwa ya kazi za kawaida. Ya kwanza kabisa, iliyopita mbele ya kila mtu, mkuu wa chuo akiwemo, ilikuwa ya nimepata.

Kisha akafanya jambo lililomfanya mkuu aje mbio kijichumbani. Aliibana kasi ya kutokea iwe chini kidogo ya vile laini ilivyoweza.

"Madam, kwa hiyo dawa ya intaneti polepole ni kuipunguza?"

"Ndio."

"Si hiyo ni maajabu."

"Nisipoibana hapa, foleni itasimama huko nje kwa wenye laini, na hiyo si yangu, siwezi kuipanga. Nataka isimame kwangu." Akaendelea kuchapa. Ijumaa hiyo video zilikwenda kama kawaida, zikachelewa dakika chache tu, na maabara nzima ikafanya kazi. Mkuu alimshukuru mbele ya mkutano wa walimu. Unajua alivyojibu.

Lakini usidhani nakuchorea malaika. Madam alikuwa na roho ya jiwe siku nyingine. Alipokwenda likizo mara ya kwanza na kuniachia ile mashine, nilitaka kumwonyesha kwamba nimeelewa kumshinda. Nikafikiri, kama pakiti ndogo ya nimepata inatangulizwa, kwa nini nisitangulize pakiti zote ndogo? Nikaandika kanuni hiyo. Sikujua kwamba ule mchezo wa kupigana risasi uliokuwa umewaingia wanafunzi unatuma vipakiti vidogo maelfu. Vyote vikawa foleni ya kwanza. Mtihani wa mtandaoni wa madam wa hesabu ukakwama katikati, na wanafunzi arobaini wakaanza kulia. Madam aliporudi alinisimamisha mbele ya darasa zima.

"Udogo si cheo," akasema. "Huyu alitaka kila mtu awe mbele. Sasa nionyesheni nani alikuwa mbele."

Nililia chooni. Sikuwa mtoto, nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nililia pale hadi kengele ikalia. Hakuniomba msamaha siku hiyo wala siku nyingine. Asubuhi iliyofuata nilikuta mezani kwangu viazi vya kuchemsha, bado vya moto, vimefungwa kwa kitambaa, na chumvi kando kwenye kipande cha gazeti. Nikamwambia, "Madam, nimepata." Naye, kwa kanuni yake, akanyamaza, akaendelea na kazi.

Vitambaa pia lazima nivitaje. Mama yule aliyeijua mitambo kiasi kile alikuwa mtumwa wa krosheti. Kila kitu chumbani mwetu kilivikwa, redio, birika, viti, hata kibao cha swichi. Faiwoli nayo aliishonea kitambaa cheupe chenye maua ya samawati. Mashine ikawa inachemka na kuzima yenyewe. Nilimwambia joto halitoki. Akasema nimepata, akakiondoa. Wiki moja baadaye kilikuwa kimerudi, safari hii kimeshonwa matundu makubwa ili mashine ipumue. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Akasema, "Kwani ni lazima ikae uchi?"

Na simu yake ilikuwa ya vitufe. Alifundisha watu kupanga mitandao mizima, lakini hakutaka hata kusikia habari za makundi ya WhatsApp. Zile tiki mbili za buluu ndizo zilimkera. "Hiyo ni simu yako inanijibu, si wewe," alisema. "Kufika si kupokelewa." Alituma ujumbe wa kawaida, mfupi, bila mapambo. Baadaye, alipostaafu na kwenda kuishi Kimilili, na mimi nimehamia Kanduyi, hapo hapo Bungoma, kusimamia mtandao wa ofisi moja pale, tuliendelea hivyo kwa miaka. Ananiandikia maneno matano, ninampigia. Tukipiga simu hatukuongea chini ya saa nzima. Aliuliza habari za kila waya.

Somo moja lake nililikumbuka nikiwa nimechelewa, na sina budi kulieleza hapa. Mwanafunzi mmoja alimwuliza, je, mashine ikituma mzigo na isisikie nimepata, inafanya nini?

"Inatuma tena," Madam alisema. "Ule ule. Haibadilishi hata herufi. Haikasiriki. Haijui kama mzigo ulipotea ama ni jibu ndio ilipotea."

"Na ikikosa tena?"

"Inangoja mara mbili ya ile ya kwanza, inatuma. Ikikosa, inangoja mara mbili ya hiyo. Kila mara mara mbili. Mwisho inakata."

"Kwa nini isitume tu haraka haraka mpaka ijibiwe?"

Akavua miwani kuifuta. "Kwa sababu pengine mwenzako amelemewa. Ukimpigia kelele kila dakika unamwongezea mzigo. Unampatia nafasi."

Sasa turudi kwenye zile jumbe sita.

Ya kwanza ilinikuta ofisini tukiwa tunahamisha mfumo wote kwenda kwenye seva mpya. "Nipigie ukipata nafasi. Si haraka." Nikajiambia nitampigia nikitulia, maana Madam si mtu wa kupigiwa dakika mbili. Kesho yake ikaja tena, maneno yaleyale. Nikatabasamu. Baada ya siku mbili ikaja tena. Hapo nikafikiri uzee umeanza, mama wa watu anasahau kwamba ameshatuma. Nilimhurumia, na nikaona aibu kidogo kwa niaba yake, nikaamua sitamtajia. Ya nne ilikuja tukiwa kwenye matanga ya baba mkwe. Ya tano na ya sita sikumbuki nilikuwa wapi. Nakumbuka tu kwamba nilizisoma.

Si kwamba sikuwa na dakika. Wiki hizo nilimjibu bosi usiku na mchana, nilijibu kamati ya mazishi, nilijibu kundi la wazazi wa shule lililokuwa likigombana juu ya rangi ya sweta. Madam nilimwekea akiba saa nzima ambayo sikuipata. Nilitaka kumjibu vizuri, na kwa kutaka kumjibu vizuri sikumjibu kabisa. Ningeandika tu, "Nimepata Madam, nitapiga Jumamosi." Maneno manne. Mimi, ambaye kila asubuhi nikifika kazini kitu cha kwanza ni kutazama kama pakiti za nimepata zinapita mbele.

Aliyeniamsha ni Wafula. Zamani alikuwa mtunza stoo chuoni, siku hizi anauza mbolea pale Kanduyi, si mbali na uwanja. Nilipita kwake mchana mmoja.

"Nekesa! Sasa? Umepotea bana."

"Niko, Wafula. Ni kazi tu."

"Si uliongea na Madam kabla hiyo oparesheni? Alikuwa anapigia watu. Mimi tuliongea karibu saa moja, ati ananiuliza hata hiyo kufuli ya stoo nilipoteza. Tulicheka, bana."

"Oparesheni gani?"

Wafula akaweka gunia chini. "Ya koo. Kule Eldoret. Wametoa hiyo kitu yote ya sauti. Sasa haongei, dadangu. Wewe hakukuambia?"

Sikumbuki nilivyoagana naye. Nilikaa kwenye benchi mbele ya duka la jirani, nikafungua simu, nikazitafuta zile jumbe na kutazama siku zake. Kati ya ya kwanza na ya pili, siku moja. Kisha siku mbili. Kisha nne. Kisha nane. Kisha kumi na sita. Nilizihesabu mara mbili kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anajua hasa anachofanya, herufi kwa herufi, na kila alipoona kimya alidhani nimelemewa, akanipa nafasi zaidi. Nilijifunika uso kwa leso pale barabarani, watu wakipita, na wala sikujali nani ananiona.

Ya saba ingekuja baada ya siku thelathini na mbili. Zilikuwa zimepita ishirini na nne, na oparesheni ilifanywa katikati hapo. Kesho yake niliomba ruhusa, nikaenda Kimilili.

Binti wa dadake alinifungulia. Madam alikuwa sebuleni, amekonda, amevaa sweta lake la Kitale. Shingoni alikuwa na kitambaa cheupe cha krosheti chenye matundu makubwa, na nyuma yake palikuwa na tundu analopumulia. Kiliinuka na kushuka kidogo. Macho yalikuwa yaleyale, juu ya miwani ileile. Aliniashiria kiti.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikaanza na kazi, seva, matanga, nikajisikia ninavyopakia magunia, nikakoma. Nikasema, "Madam, nimepata. Zote sita."

Akapiga meza mara mbili. Ko, ko.

Hapo ndipo nilipolia. Nilimwomba msamaha kwa maneno yote niliyokuwa nayo, ya Kiswahili na ya kwetu. Aliniacha nimalize. Kisha akavuta daftari la shule alilokuwa akiandikia, akaanza kutafuta ukurasa mtupu, na katika kulifunua ukapita ukurasa wenye orodha. Majina kumi na moja. Niliuona kwa sekunde chache tu, lakini kazi yangu ni kusoma orodha. Wafula alikuwa karibu na mwisho, ana tiki. Yule mkuu wa zamani alikuwa na tiki. Kila jina lilikuwa na tiki, isipokuwa moja, lililokuwa na vistari sita vidogo pembeni. Lilikuwa jina la kwanza, juu kabisa.

"Madam," nikamwuliza, "ulitaka kuniambia nini?"

Akashika kalamu. Nilimwona akianza herufi moja na kuiacha. Kisha akaandika na kunigeuzia daftari.

"Ilikuwa ya kusema. Si ya kuandika."

Nilimsihi. Nikamwambia aandike hata nusu yake, hata vibaya. Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na nadhani ningeona nafuu kama angekuwa nayo. Akanishika mkono, akaufunika kwa mkono wake wa pili, tukakaa hivyo. Nje kulikuwa na mtu anakata kuni. Nilijaribu kuikumbuka sauti yake ikisema jina langu, nikaipata, kisha ikaniponyoka, nikaipata tena hafifu. Sina mahali nilipoirekodi. Miaka minane nilikaa nayo chumba kimoja na sikuwahi kuirekodi.

Chai ilikuja, nikanywa, yeye akanitazama. Akaandika kuuliza kama bado naibana ile kasi ya kutokea. Nikamwambia ndio. Ko, ko. Akaandika kuuliza kama faiwoli yangu ina kitambaa. Nikamwambia haina, naye akacheka, cheko lisilo na sauti, mabega tu yakitikisika na kile kitambaa cha shingoni kikirukaruka. Nilicheka naye. Jua lilipoanza kushuka alinisindikiza mpaka langoni, akainua simu yake ya vitufe na kuinyooshea kidole, kisha akaninyooshea mimi. Nikaelewa, nikifika nimjulishe.

Lakini hakunisubiri. Nilikuwa ndio kwanza nafungua mlango wangu Kanduyi, mkoba begani, watoto wakinikimbilia, simu ikatetemeka. "Umefika?"

Nikawaambia watoto wangoje. Nikajibu pale pale, kiatu kimoja mguuni: "Nimefika, Madam."

Nilijua hatajibu. Nimepata haijibiwi, ndivyo alivyotufundisha, na kimya chake kilikuwa na maana kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Hata hivyo nilisimama mlangoni, simu mkononi, nikisubiri.